Jupita Ndani ya Kibuyu

Busia Sokoni,
28 Februari 1978

Kwa Mwalimu Lazarus Emojong,
Darasa la Saba, Amukura.

Mwalimu, asalaam aleikum, na kama salamu hiyo si ya kwenu, basi habari za huko.

Mimi ni Mbarak Jamiru, muuza nafaka hapa Busia, duka la tatu kutoka msikitini. Ziada ni mwanangu. Tangu mama yake afariki anakaa huko Amukura kwa bibi yake mzaa mama, ndiyo maana anasoma kwako. Jana magharibi nimemwona anashuka kwenye lori la mahindi, vumbi mpaka magotini, vitabu kichwani. Nikadhani bibi amekufa. Nilikaa chini juu ya magunia kabla hajasema neno. Kumbe bibi mzima. Ni wewe umemfukuza.

Kabla sijaendelea, ujue barua hii naisema mimi na anayeiandika ni Ziada. Mimi nilisoma chuo cha Kurani, herufi zangu zinaanzia kulia, hizi zenu zinanishinda. Kwa hiyo mshtakiwa ndiye karani. Jirani yangu Salim, fundi cherehani, anajua kuandika, lakini mdomo wake hauna mlango.

Sasa niambie kosa. Nimemwuliza mara tatu na mara tatu sijaelewa. Anasema ulichora Dunia na Jupita ubaoni (nadhani hiyo Jupita ndiyo sisi tunaiita Mshtarii), ukaandika kwamba Jupita ni kubwa mara kumi na moja. Yeye akanyoosha mkono akasema, "Hapana Mwalimu, ni zaidi ya elfu." Basi. Ukamwambia atoke, na asirudi bila mzazi wa kuomba radhi. Mwalimu, kuuliza si ujinga: radhi ya nini? Alikutukana? Alikuibia chaki? Hapa sokoni watu wanabishana kutwa nzima kama debe limejaa au halijajaa, na sijaona mtu akifukuzwa soko.

(Mwalimu, hapa baba amesema sentensi mbili ambazo nimeziacha. Ziada.)

Nijibu kwa mkono wa Bwire, huyu aliyekuletea. Anapita huko kila Jumatatu na Alhamisi na sukari.

Mbarak Jamiru
(hilo ni dole gumba lake)


Amukura,
2 Machi 1978

Kwa Mzee Mbarak Jamiru,

KUH: UTOVU WA NIDHAMU WA BINTI YAKO

Barua yako nimeipata. Nasikitika kwamba mwenye kosa ndiye anayeandika na ndiye atakayekusomea haya. Ziada, soma yote bila kuruka.

Mzee, Jupita ni sayari kubwa kuliko zote tisa. Ukipanga Dunia kumi na moja kwa mstari mmoja, zinatoka upande huu wa Jupita mpaka upande ule. Ndiyo maana tunasema kumi na moja. Hata Zohali, hiyo yenye pete, Jupita imeizidi, maana hiyo ni kama tisa. Nimefundisha hivyo tangu nilipotoka chuo cha ualimu na hakuna mtoto aliyewahi kunibishia. Nilipima kwa rula, watoto wote wakaona.

Binti yako alisema elfu. Hakusema kumi na mbili, nikafikiri ameona vibaya. Alisema zaidi ya elfu, kwa sauti kubwa, siku ambayo hakupaswa kusema. Nilimwambia akae. Akasema tena.

Njoo naye. Useme pole mbele ya darasa, naye aseme. Fomu za mtihani wa darasa la saba zinafungwa Ijumaa tarehe 17 mwezi huu. Jina ambalo halimo siku hiyo halitafanya mtihani mwaka huu. Mimi sitaki kumharibia mtoto, lakini darasa lina mwalimu mmoja tu.

L. Emojong


Busia Sokoni,
6 Machi 1978

Mwalimu Emojong,

Wewe una rula, mimi nina duka. Nimesema ngoja nipime mwenyewe.

Kwanza, Jumamosi nilikwenda Malaba kupokea mahindi, nikawauliza madereva kwenye foleni ya malori, maana hao wamefika mbali. Mmoja akasema kumi na moja, amesikia hivyo. Mwingine akaniambia, "Mzee, mimi Jupita sijafika, naishia Kampala." Nikarudi nilivyokwenda.

Jana nikatafuta kibuyu cha duara, duara kabisa, nikakikata shingo. Nikachukua njegere kavu, nikazichagua za ukubwa mmoja. Nikapanga kumi na moja ndani, kutoka ukuta mpaka ukuta. Zikaenea sawasawa. Nikasema, haya, njegere ni Dunia, kibuyu ni Jupita, Mwalimu ana haki, nimshike mtoto huyu nimtwange. Halafu mkono wangu, kwa mazoea ya kazi, ukaanza kukijaza.

Wallahi, Mwalimu, ziliingia njegere mia saba na sitini na mbili. Nimehesabu mara mbili. Wateja wamesimama wananingoja, mama mmoja kutoka upande wa Uganda akaniuliza kama nimeugua.

Sasa mimi sielewi. Wewe unasema kumi na moja. Njegere zinasema mia saba na sitini na mbili. Ziada anakaa hapo na kalamu, anasema kumi na moja mara kumi na moja mara kumi na moja ni elfu moja mia tatu thelathini na moja, kwa sababu Jupita ina upana, na kimo, na kina. Nikamwambia, basi wewe pia umekosea, hesabu njegere! Akacheka. Akachota maji, akamimina ndani ya kibuyu kilichojaa. Yakaingia nusu kikombe cha chai! Hayakumwagika hata tone! Nikamwuliza yamekwenda wapi. Akasema, "Baba, katikati ya njegere kuna nafasi. Dunia zikipondwa zikashindiliwa, ndipo zinafika elfu na zaidi."

Nikaliangalia debe langu. Astaghfirullahi, miaka ishirini nawauzia watu hewa kwa debe.

Ndiyo nakuuliza wewe msomi: Jupita ni kubwa mara ngapi? Kichwa changu kinazunguka. Lakini neno moja najua. Ukimwuliza mtu wa sokoni kitu ni kikubwa kiasi gani, hakupi urefu. Anakuambia kinaingia ngapi. Ukipima kwa rula kama wewe, hata mimi nitauza gunia kwa kimo chake, na watu watanipiga mawe.

Mimi siji kuomba radhi kwa jambo ambalo mtoto amesema kweli. Na ukimkataa, sina shule nyingine yenye bibi wa kumtunza. Atakaa hapa dukani anipimie mtama, na mtihani basi. Nimekwisha nunua kiti kirefu. Shauri yako.

(Mwalimu, kiti kweli kimenunuliwa. Mimi sikitaki. Ziada.)

Mbarak Jamiru


Amukura,
9 Machi 1978

Mzee Mbarak,

Nimesoma habari za kibuyu. Jupita si kibuyu na Dunia si njegere. Umenifananisha na mfanyabiashara anayestahili mawe, na hayo maneno umemwamuru mtoto aliyenidharau ayaandike kwa mkono wake. Katika ukoo wetu mtoto hatumwi kumtukana mtu mzima.

Ili usiseme sikujaribu, nilijaribu. Nilichukua vifuniko vya soda, kila kimoja ni Dunia, nikafunika duara la Jupita nililolichora sakafuni, nikakisia vinafika mia moja ishirini na kitu. Hiyo si kumi na moja, si ya kwako, si ya Ziada. Kitabu changu cha chuo kinasema kumi na moja. Kitabu cha hedimasta kinasema elfu moja na mia tatu. Sijui ni kipi kilichokosea, na sitaki tena kujua. Nimeota nyota hizi siku tatu.

Hujui jambo moja, nami nitakuambia. Siku ile mkaguzi alikuwa amekaa nyuma ya darasa langu. Nimengoja kupandishwa cheo miaka sita. Ziada aliposema elfu, mkaguzi alicheka, na watoto wakacheka kwa sababu mkaguzi amecheka. Ameondoka na daftari lake na sijui ameandika nini.

Kwa hiyo usije. Simtaki binti yako darasani kwangu, wala sitaandika jina lake kwenye fomu. Muweke kwenye kiti chako. Na barua nyingine usilete, nitamrudishia Bwire bila kufungua.

L. Emojong


Busia Sokoni,
13 Machi 1978

Mwalimu wangu mpendwa,

Nimekosa maneno. Mimi Mbarak, ambaye wateja wananiita redio, nimekosa maneno!

Ziada alipoanza kusoma barua yako nilikuwa napima wimbi. Nilijua ni matusi, nikauma meno. Akasoma: "Mzee, kila mmoja wetu alipima alichokiona. Wewe ulijaza, mimi nilipanga mstari, na mtoto alipiga hesabu. Ziada hakukosea. Mimi ndiye nilikosea, sikumsikiliza." Nikaangusha debe. Wimbi lote chini. Nikamwambia asome tena. Akasoma, na mara ya pili nikaona ina maneno mengi kuliko ya kwanza, nikadhani ni masikio yangu kwa furaha. Nikamwambia mara ya tatu, akasema koo limekauka.

Mwalimu, mimi nimekaa na watu wa kila aina mpakani hapa, wenye magari na wenye bunduki. Sijawahi kusikia mtu mzima akimwambia mtoto wa mwenzake, nilikosea. Nililia mbele ya wateja. Na mimi nilikukosea. Yale maneno ya mawe nisamehe. Nilikuwa na hasira, na hasira hasara.

Alhamisi tarehe 16 nitamleta mwenyewe. Wewe umeinama, mimi nitainama zaidi. Nitasema pole mbele ya darasa kama ulivyotaka mwanzo. Kiti nimemuuzia Salim.

Ndugu yako,
Mbarak Jamiru

Mwalimu, sasa ni mimi Ziada peke yangu. Baba amekwenda kuswali na Bwire anangoja nje. Nimemwambia Bwire asikubali kurudi nayo, na juu ya bahasha nimeandika FOMU ili uifungue.

Unajua hukuandika vile. Nilifungua nikaanza kusoma, nikaona "usije", nikaona "simtaki". Baba alikuwa ananitazama. Mdomo wangu ukaenda peke yake. Nilisoma barua ambayo haiko, karatasi yako nimeishika mbele ya macho. Mara ya pili nilikuwa nimesahau nilichosema mara ya kwanza.

Yule mgeni wa nyuma sikujua ni mkaguzi wa cheo chako. Ningejua ningengoja atoke. Sikutaka wacheke. Na kumi na moja si uongo, Mwalimu. Anayetaka kuvuka Jupita atahesabu kumi na moja, anayetaka kuijaza ndiye atafika elfu. Nilitakiwa kusema hivyo, lakini nilisema "hapana".

Baba hajui. Anakuja Alhamisi na kanzu ya Idi. Ukitufukuza pale, nitamwambia ukweli njiani tukirudi, na sitakulaumu. Lakini naogopa, Mwalimu, wala si kiti. Naogopa uso wake.

Ziada Mbarak


Busia Sokoni,
20 Machi 1978

Mwalimu Emojong,

Mwandiko huu si wa Ziada. Ziada amebaki huko kwa bibi yake anasoma, kwa hisani yako. Huu ni wa Salim fundi, nami nimemwapisha msikitini asitoe neno. (Nimeapa kweli. Salim.)

Nitakueleza jambo na unisaidie, maana nimechanganyikiwa kuliko siku ya njegere.

Alhamisi nilipofika mlangoni kwako, niliona umesimama wima, uso umefunga, mdomo wako unataka kusema kitu. Mimi nikakuwahi. Nikavua kofia nikasema pole mbele ya wale watoto arobaini. Nikakushukuru kwa barua yako, nikaisema yote kwa kichwa jinsi nilivyosomewa. Ulimtazama Ziada. Ziada alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nikaona aibu, nikadhani nimesema jambo baya kwa Kiswahili changu. Halafu ukanishika mkono, ukageukia watoto, ukasema, "Ni kweli. Nilikosea mimi." Ukafuta ubao, ukatoa fomu, ukaandika jina lake kwa wino. Nilirudi Busia naimba.

Basi jana, Jumapili, moyo ukanituma nisikie tena yale maneno mazuri. Ziada hayupo. Nikaichukua barua yako ya tarehe tisa, nikampelekea Salim asome.

Salim akasoma mstari wa kwanza akanitazama. Akasoma wa pili akaomba maji. Nikamwambia soma, usinifiche. Alisoma yote. Kibuyu. Mkaguzi. Usije. Simtaki.

Nikamnyang'anya karatasi, Mwalimu. Nilianza kumkasirikia Ziada, nikasema nitakwenda Amukura usiku huohuo. Nikakukasirikia wewe. Nikajikasirikia mimi, mzee mzima nimesimama mbele ya darasa nimeshukuru mtu kwa matusi. Kisha nikakumbuka mkono wako. Ulinishika na ulikuwa na jasho. Ulijua barua yako inasema nini. Ungeweza kusema, "Mzee, sikuandika hivyo," na mtoto wangu angekwisha pale pale, na mimi naye. Hukusema.

Kwa hiyo mtu aliyeandika tarehe tisa ni nani, na huyu wa Alhamisi ni nani? Salim anasema ni mmoja. Mimi nimeshindwa.

Sitamwambia Ziada kwamba najua. Asome tu kwa amani, mtihani uje umkute hana wasiwasi. Lakini hii karatasi niliyo nayo siitaki ndani ya nyumba yangu. Nimeirudisha kwako, iko ndani ya bahasha hii. Ninakuomba kitu kimoja, kama unaona ninastahili. Ile barua nyingine, niliyosomewa, sina. Ilikuwa kwenye mdomo wa mtoto tu. Iandike kwa mkono wako. Utie tarehe ileile. Siku nikifa wanangu wakute hiyo.

Mbarak Jamiru


Amukura,
9 Machi 1978

Kwa Mzee Mbarak Jamiru,

Mzee, kila mmoja wetu alipima alichokiona. Wewe ulijaza, mimi nilipanga mstari, na mtoto alipiga hesabu. Ziada hakukosea. Mimi ndiye nilikosea, sikumsikiliza.

Mpaka hapo ndipo alipofika Ziada. Haya yanayofuata ni yangu, hakuweza kuyasoma kwa sababu hakuyajua.

Siku ile aliposema elfu, nilimwelewa. Ilinichukua muda mfupi tu, kama wa kumeza mate. Kumi na moja kwa upana, kumi na moja kwa kimo, kumi na moja kwa kina. Niliona yote pale pale, na niliona vizuri kuliko ninavyoona sasa, maana baadaye nilijichanganya makusudi kwa vifuniko na vitabu ili nisione. Dasta ilikuwa tayari mkononi mwangu. Nilikuwa nimekwisha inua mkono nifute ile kumi na moja, niandike kama alivyosema, na nimwambie asante.

Halafu mkaguzi akacheka, nikaiweka dasta mezani.

Lazarus Emojong,
Mwalimu wa Ziada